Dawa ya Kutema

Hillary hakujua kutema. Watoto wenzake uani kwa Bi Siwema walisukutua, wakainamia mfereji na kuachia maji yenye povu kwa fujo zote za watoto wa miaka mitatu, wengine yakiwaishia kifuani, wengine wakimtemea jirani makusudi. Yeye alifumba mdomo, akakaza macho, akameza. Alimeza maji, akameza povu, akameza na dawa ya meno yenye ladha ya ndizi. Kisha akasogea mbele ya mtu mzima aliye karibu, akapanua mdomo mpaka koo likaonekana, akainua na ulimi, akangoja asifiwe.

Shamsa, binti wa Bi Siwema aliyekuwa akimsaidia mama yake kulea, alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema huyu mtoto amelelewa na watu wa forodha, anakukagulisha mzigo hata hujamwomba.

Bi Siwema hakucheka. Aliinama, akayatazama meno ya mbele ya yule mtoto, yaliyoanza kuwa meusi pembeni kama karatasi iliyopitiwa na moto.

"Mtoto hamezi hivi kwa kujifunza peke yake," alisema. "Kuna mtu kamfundisha."

Na kweli alikuwepo. Alikuwa juu ghorofani, ng'ambo ya ukuta, akifunga mkanda wa viatu tayari kwenda kufungua duka lake la vyombo vya plastiki Mtaa wa Kongo. Kila asubuhi na kila jioni Mektilda alitikisa chupa ya kahawia, akamimina kijikoni maji mazito ya rangi ya waridi, matamu ya kukera, akamtia mwanawe mdomoni. Alimfundisha kama wengine wanavyofundisha sala. Dawa haitemwi. Meza. Fungua nione. Inua ulimi. Mtoto akifanya vizuri alipigiwa makofi na kubusiwa utosini, na hakuna siku aliyofanya vibaya.

Ilibidi iwe hivyo. Hillary alikuwa ametimiza miaka miwili tu alipoanguka mara ya kwanza, katikati ya kula. Macho yalikwenda upande mmoja, mkono wa kulia ukaanza kuruka peke yake, na povu likamtoka pembeni mwa mdomo likiwa jeupe na la kimyakimya. Daktari aliutaja ugonjwa kwa jina lake bila kuzungusha: kifafa. Akasema unatulizwa, watoto wengi wanakua nao na wanasoma na wanaoa, ila dawa ni kila siku. Ikikatika ghafla, ugonjwa unarudi na nguvu zaidi kuliko ulivyokuja. Mektilda aliyashika maneno hayo. Mwaka ukapita bila mkono ule kuruka tena.

Ila kabla dawa haijakolea, mtoto alianguka mara moja kwa mlezi wao wa zamani, kule Mchikichini. Mektilda alipokwenda kumchukua jioni, alimkuta amekaa nje ya mlango, begi lake pembeni, na juu ya begi kikombe chake alichokuwa akinywea uji, kimefudikizwa. Mlezi hakutoka ndani. Alisema kwa dirishani kwamba wazazi wengine hawataki, kwamba lile povu likimgusa mtoto wa mtu atajibu nini. Tangu siku hiyo Mektilda hakulitamka neno lile nje ya chumba cha daktari. Mumewe, Heriel, aliyekuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini na mtu wa maneno machache, alimuunga mkono. Neno hilo, alisema, ni kama kontena lililokwisha kupita geti. Ukishalitoa hulirudishi.

Ndipo wakahamia Mtaa wa Narung'ombe, na Mektilda akampeleka mtoto kwa Bi Siwema.

Nyumba ya Bi Siwema ilikuwa moja ya zile chache zilizobaki Kariakoo zisizouzwa, nyumba ya Kiswahili ya chini, mabati yameliwa na kutu, imebanwa katikati ya maghorofa mawili kama mzee aliyeketi baina ya vijana wasiomsalimu. Jua liliingia uani mchana tu, likapita haraka. Lakini uani palikuwa pasafi, mchanga umefagiliwa kwa mistari, na watoto wa wafanyabiashara wa mtaa mzima walilelewa pale. Siku ya kuandikishwa, Mektilda alimpa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakalishwa kwenye mkeka. Bi Siwema akamuuliza anayowauliza wote: mtoto analala saa ngapi, kuna chakula kinachomdhuru, amechanjwa? Mwisho akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kwa desturi tu, "Haanguki?"

Mektilda ni Mchaga wa Kibosho kwa asili, lakini alizaliwa Ilala na anazijua njia za pwani. Alivuta pumzi kama aliyetukanwa.

"Temea mate chini, Bi Siwema. Mtoto wa watu."

Bi Siwema aliona haya. Anayetaja baya juu ya mtoto hulitema, lisije likasikia likaja. Aligeuka pembeni, akatema mchangani, akafukia kwa kisigino. Akaomba radhi, akasema yaishe hapohapo.

Mektilda akapanda ngazi kurudi kwake akijiambia kwamba hakusema uongo. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alimtemesha mtu mate tu.

*

Meno ndiyo yaliyoleta maneno. Bi Siwema alimsimamisha Mektilda mlangoni asubuhi moja akamuuliza kwa upole wenye mwiba kama nyumbani kwao mswaki ni pambo. Mektilda alijibu kwamba wanapiga mswaki, kwa maji. Dawa ya meno bado, mtoto mdogo. Bi Siwema akasema hivyo vijino havitamsubiri akue.

Alichoshindwa kusema Mektilda ni kwamba hawezi kuona povu kwenye mdomo wa mwanawe. Alijaribu. Alitia dawa kidogo kwenye mswaki, akasugua, na weupe ulipojitokeza pembeni mwa mdomo, aliutupa mswaki kwenye ndoo. Daktari alikuwa amemwonya kwamba ile dawa ya chupa ina sukari, inaharibu meno, asafishe vizuri. Alisafisha kwa maji, na meno yakaendelea kuwa meusi.

"Niachie mimi," alisema Bi Siwema. "Kwanza ajue kutema. Mengine yatafuata."

Alianza na maji matupu. Aliweka vifuniko vya soda chini, kando ya mfereji, akawaambia watoto wavilenge. Aliwafundisha kupuliza kwanza, puu, kama anayezima kibatari, kisha kupuliza na maji. Mikono magotini, kichwa chini, kidevu mbele. Na kwa sababu dawa ya meno ni tamu na kila mtoto anaionea uchu, aliwatungia wimbo:

Dawa ya meno si ya tumbo,
sugua juu, sugua chini,
usiifiche shavuni.
Dawa?

Na watoto wote wakajibu: "Tema!"

Watoto wadogo hawabebi wimbo mzima. Huchukua kipande kitamu wakaacha mifupa. Kabla wiki haijaisha wimbo ulikuwa umebaki maneno mawili. Bi Siwema akitoka na mrija wa dawa, hata kabla hajaufungua, akasema dawa, uani kote kukaitika tema. Walicheza nalo mchana kwenye mkeka. Mmoja alisema dawa, mwenzake akajifanya kutema, wote wakaanguka kwa kucheka. Sauti ilipanda kwenye ule mwanya kati ya nyumba na ghorofa, ikafika juu kwa Mektilda kama inatoka chini ya kisima.

Hillary alichelewa. Alisimama mferejini amefumba mdomo, machozi yanamlenga, akitazama wenzake wakifanya jambo ambalo nyumbani lilikuwa dhambi. Mwishowe Bi Siwema mwenyewe, na umri wake, alipiga magoti kando yake, akajaza maji mdomoni mashavu yakavimba kama chewa, akatema maji yakapiga kifuniko cha soda kikaruka. Mtoto alishtuka. Kicheko kikamponyoka, na maji yakatoka nacho, yakamwagika mferejini mbele ya watu wote.

Makofi aliyopigiwa siku hiyo hayakuwa ya mtu mmoja. Ua mzima ulipiga. Shamsa alimnyanyua juu, akamwita forodha amefungua geti. Watoto waliimba jina lake. Mektilda alikuwa dirishani anaanua nguo. Aliona, akacheka peke yake, macho yakamlowa. Kesho yake aliteremka na vikombe vya rangi kutoka dukani kwake, kila mtoto na chake, akamwambia Bi Siwema ahsante kwa moyo wote.

Asubuhi iliyofuata, juu, alitikisa chupa ya kahawia.

"Haya baba. Dawa."

Hillary alipanua mdomo, akapokea kijiko, akafumba. Alimtazama mama yake kwa macho ya kungojea, kama mtu anayejua jibu na anataka kuulizwa. Mama alikuwa amegeuka kufunga chupa. Msimu wa Idi ulikuwa umekaribia, wateja wa jumla kutoka mikoani walikuwa wanamgongea mlango wa duka kabla hajafika, na simu yake ilikuwa inaita. Mtoto akakimbilia kibarazani, kule kwenye kopo la rangi lililopandwa mshubiri. Akaweka mikono magotini. Akainamisha kichwa, kidevu mbele. Akatema.

Kisha akarudi mbio, akasimama mbele ya mama yake, akapanua mdomo, akainua ulimi.

"Safi kabisa," alisema Mektilda, akambusu utosini.

*

Walianza kuja sisimizi.

Mwanzoni ulikuwa uzi mwembamba, unatoka kwenye ufa wa kibaraza na kupanda ubavuni mwa kopo. Mektilda aliwafagia. Jioni walikuwa wamerudi. Alinunua chaki ya wadudu kwa wamachinga wa pale chini, akachora mstari mweupe kulizunguka kopo. Sisimizi walisimama mstarini siku nzima, wakahangaika kama watu waliofungiwa barabara, kisha wakapata njia ya ukutani, wakashukia juu ya majani. Alipoinama kutazama, aliona udongo umeng'aa, na jani moja la chini lina kitu kikavu kama gundi.

Alidhani ni jirani wa juu. Akampandia na maneno, akamwambia kama anamwaga soda amwage kwake. Jirani akaapa hanywi soda, ana kisukari, na akamwuliza yeye kama ana akili, maana sisimizi gani hao wanaofuata shubiri.

Swali hilo lilishuka na Mektilda ngazi zote. Hakuna kichungu kama shubiri. Mama yake alikuwa akiipaka kwenye titi ili kumwachisha mtoto kunyonya. Alisimama kibarazani akaitazama ile safu nyeusi ikipanda na kushuka bila haraka, ikibeba kitu asichokiona. Alimwambia Heriel jioni ile kwamba hapendi. Heriel alisema sisimizi ni sisimizi.

Uani nako kulikuwa na mambo madogo. Shamsa alisema Hillary siku hizi anaganda. Anaitwa haitiki, anatazama ukuta, kisha anarudi na kuendelea kucheza kama aliyekuwa amekwenda mahali. Siku nyingine kikombe chake cha njano kilimponyoka mkononi akiwa ameketi tu, uji ukamwagika, na hakukitazama. Bi Siwema alimwuliza Mektilda kama mtoto analala vizuri.

Mektilda aliijua ile hali ya kuganda, ndivyo ilivyoanza zamani. Lakini dawa anakunywa. Yeye mwenyewe anamtia mdomoni, yeye mwenyewe anaona mdomo mtupu. Akajibu kwamba mtoto anakesha na katuni.

Bi Siwema alimtazama kidogo zaidi ya kawaida. "Kama kuna jambo, mwanangu, nyumba hii ina masikio lakini haina mdomo."

Ulikuwa mlango, na ulikuwa wazi. Mektilda aliona kikombe kilichofudikizwa juu ya begi. Akasema hakuna jambo, akaenda dukani.

Jioni alimimina dawa, akajaza kijiko mpaka ukingoni.

"Dawa, baba. Dawa haitemwi, sawa?"

Lakini ndani ya haitemwi mtoto alisikia tema tu, kama alivyozoea uani. Akatikisa kichwa kwa furaha, mashavu yamejaa, akakimbilia kibarazani.

*

Jumamosi moja asubuhi Mektilda alichelewa. Alimteremsha Hillary mwenyewe, wakakuta wenzake wameshapanga mstari mferejini na miswaki mikononi. Wazazi wengine wawili walikuwa mlangoni wanakabidhi mabegi, wanapiga soga za bei ya mchele. Shamsa alimpa Hillary mswaki wake tayari una dawa, akamsukuma kwenye mstari, akamtania kwamba forodha leo imefungua kwa kuchelewa.

Mektilda hakuondoka mara moja. Alikuwa hajawahi kumwona akisugua. Akajilazimisha kutazama, mkono kwenye fremu ya mlango. Povu lilitokea. Lilikuwa povu la dawa ya meno, linanuka ndizi, liko kwenye midomo ya watoto wote waliopanga mstari, nyuso zote zimekuwa nyeupe chini. Akajiambia, unaona, si kitu.

Bi Siwema alipita nyuma yao. "Dawa?"

"Tema!"

Wote waliinama isipokuwa mmoja. Hillary alibaki wima. Mswaki ulimponyoka, ukaangukia mchangani. Povu lilimtoka pembeni mwa mdomo, likateremka kidevuni.

"Tema, baba," alisema Bi Siwema.

Hakutema. Alikuwa anatazama pembeni, juu, mahali ambapo jengo la pili linaziba anga.

Shamsa alicheka, akasema leo kasahau kazi. Watoto, kwa kuwa hakuna aliyewaambia wanyamaze, walirudia kwa sauti kubwa zaidi, kumsaidia mwenzao: tema, tema, tema. Povu liliongezeka. Na mkono wa kulia ukaanza kuruka.

Mektilda aliuona. Katika ua ule mzima ni yeye tu aliyejua anachokiona. Na hapo, kwa muda wa pumzi moja, alinyamaza. Lilimjia wazo kwamba wanadhani ni dawa ya meno. Wanadhani kapaliwa. Waache wadhani hivyo, huenda itapita, huenda hakuna atakayejua.

Hillary alianguka. Shamsa alipiga kelele kwamba mtoto kapaliwa, akamshika miguu kumwinua kichwa chini. Mmoja wa wale wazazi akampiga mgongoni. Mwingine akadai kijiko, meno yamekaza, yatenganishwe. Bi Siwema alikuwa amekwisha kupiga magoti, vidole vyake vinatafuta njia kati ya meno ya mtoto, na alikuwa bado anasema, kwa sauti ileile ya upole ya kila asubuhi, tema mwanangu, tema.

"Mwacheni."

Haikuwa sauti kubwa, lakini ilifika.

"Msimtie kitu mdomoni. Mlazeni ubavu. Ana kifafa."

Mzazi aliyekuwa akipiga mgongo aliondoa mkono kama aliyegusa jiko. Mwingine akamvuta mwanawe nyuma ya gauni lake. Shamsa alimwachia miguu taratibu. Bi Siwema peke yake hakusogea. Alitoa vidole, akamlaza Hillary ubavu kama alivyoambiwa, akakunja kanga yake akaiweka chini ya kichwa chake, na wakakaa hivyo, wanawake wawili na mtoto kati yao, wakingoja mkono ule uache. Haukuacha. Povu lilichanganyika na mchanga. Nyuma yao, mtoto mmoja mdogo sana, asiyejua lililotokea, alikuwa bado anaimba peke yake.

"Dawa? Tema. Dawa? Tema."

*

Mkono ulikuja kutulia ndani ya bajaji, njiani kwenda hospitali, baada ya muda ambao Mektilda hakutaka kuukumbuka. Hillary alikuwa amelala usingizi mzito mapajani mwake, midomo ya kijivu. Daktari, kijana aliyechoka, alimpima, akamtundikia maji, akarudi na swali moja. Mtoto amekosa dawa?

Mektilda aliapa. Hata siku moja. Asubuhi na jioni, kwa mkono wake.

Daktari akauliza kama anaimeza.

"Ananifungulia mdomo. Naona mwenyewe, mtupu."

Daktari akaandika kitu, akasema watapima damu waone dawa imo kiasi gani. Akasema pia, bila kuinua macho, kwamba safari hii imekoma yenyewe, na kwamba asije akategemea nyingine nayo ikome yenyewe. Akaondoka.

Bi Siwema alikuwa amekuja kwenye bajaji ileile bila kualikwa. Alikaa kwenye benchi bila kanga, mikono magotini. Sasa aliuliza taratibu, "Hiyo anayokunywa. Mnaiitaje nyumbani?"

Mektilda hakuelewa. "Dawa."

"Unapompa, unasema nini?"

"Nasema, haya baba, dawa."

Bi Siwema alifumba macho. Midomo ilicheza bila sauti, kama anayeimba kitu moyoni na kukisikia upya.

"Nimemfundisha kutema," alisema.

Mektilda alimtazama. Kisha alikiona kibaraza, kopo la rangi, jani linalonata, na ile safu nyeusi ikipanda kwenye kitu kichungu kuliko vyote kufuata utamu. Alitaka kukasirika, na hasira iliinuka, ikatafuta pa kutua.

"Watoto wangu wote wanaijua dawa moja tu, ya meno," alisema Bi Siwema. "Ningejua kuna mwenye nyingine, ningeipa jina jingine. Ni neno tu, Mektilda. Ningelibadilisha siku ileile. Nilikuuliza. Ukanitemesha mate."

Hakulisema kwa ukali.

*

Jumatatu uani kwa Bi Siwema palikuwa na vikombe visivyo na wenyewe. Wazazi wale wawili hawakuwaleta watoto wao, na habari ilikuwa imeshatembea kutoka Narung'ombe mpaka Gerezani, ikiongezewa chumvi kila kona. Heriel alikuwa ameambiwa bandarini na mtu ambaye hata hamjui vizuri. Alirudi nyumbani akasema tu, limeshapita geti.

Mektilda aliteremka kumwambia Bi Siwema kwamba anaelewa, kwamba atatafuta mahali pengine. Alimkuta anafagia mchanga kwa mistari. Kikombe cha njano kilikuwa kwenye rafu pamoja na vingine, kimesimama.

Bi Siwema alimwambia amlete mtoto akipata nguvu. Wanaotaka kuondoka wataondoka, wengine watarudi wakichoka kubeba watoto mgongoni dukani. Kisha akamwita Shamsa, akawaita na watoto waliobaki, akainua ule mrija juu. Aliwatangazia kwamba kuanzia leo hii si dawa. Dawa inamezwa. Hii ni sabuni ya meno, na sabuni hailiwi. Shamsa aliguna kwamba mama yake sasa anabadilisha Kiswahili cha watu. Watoto walitazama mrija kwa mashaka.

"Sabuni?" akauliza Bi Siwema.

Mmoja akasema dawa, na wote, kwa furaha ya kukumbuka, wakajibu tema. Ikabidi aanze upya.

Hillary alirudi nyumbani amekonda, mwendo wake umelegea, baadhi ya maneno aliyokuwa akiyasema hayakusikika tena. Daktari alisema yatarudi, au yatarudi mengine. Damu ilikuwa imeonyesha dawa imebaki kidogo sana, kama ya mtoto asiyekunywa.

Asubuhi ile ya kwanza Mektilda alifunga mlango wa kibaraza. Alikaa sakafuni uso kwa uso na mwanawe. Simu ya dukani iliita, akaiacha iite. Alitikisa chupa na akajikuta hana neno. Neno lile lilikuwa limeshikiliwa na wengine. Akamtia kijiko mdomoni kimyakimya.

Mashavu yalijaa. Mtoto akaangalia mlango uliofungwa.

"Meza," alisema Mektilda.

Kutoka chini, kupitia ule mwanya, ilipanda sauti ya Bi Siwema ikiuliza sabuni, na kundi dogo la sauti likijibu, baadhi yao sawa. Halafu moja, nyembamba, ya mtoto asiyetaka kubadilika, ikaimba la zamani. Hillary aligeuza shingo. Mikono yake ikashuka taratibu, ikatulia magotini.

"Hillary. Meza, baba."

Alimtazama mama yake. Koo likacheza. Alipanua mdomo, akainua ulimi, na Mektilda hakutosheka na macho. Alipitisha kidole ndani ya shavu moja, kisha la pili, chini ya ulimi, mpaka mtoto akaanza kulia. Kidole kilitoka na mate tu. Akamkumbatia, akambusu utosini, akasema safi, lakini mtoto hakucheka kama zamani.

Alipotulia, Mektilda alifungua mlango wa kibaraza. Alikuwa ameng'oa ule udongo, akaweka mwingine, akaosha majani jani kwa jani. Kopo lilikuwa kavu na safi. Akachuchumaa mbele yake. Kwenye ufa wa sakafu alitoka sisimizi mmoja, akasimama, akapapasa hewa kwa pembe zake, akaanza kutembea. Mektilda hakumponda. Alibaki pale amechuchumaa, akingoja kuona anakwenda wapi, na kama nyuma yake kuna mwingine.